Mipira Minne na Swali la Mtoto

Akina mama wapendwa, mtoto akikuuliza swali usilojua jibu lake, unamwambia nini? Mimi nilimwambia anyamaze.

Tulikuwa tukipamba kanisa letu hapa Makanya kwa ajili ya Krismasi. Binti yangu alikuwa akifuta vumbi mipira ya mapambo, ile inayong'aa kama kioo. Akaisogeza miwili pamoja. "Mama, ndani ya mpira huu naona ule, na ndani ya ule naona tena huu. Mwisho wake uko wapi?" Nikamkemea aache mchezo. Jioni nzima hakuuliza neno. Kimya kile kiliniuma.

Kesho yake nilimwita, tukajaribu pamoja. Nawe jaribu. Chukua mipira minne inayolingana. Igusanishe mitatu juu ya karatasi nyeupe, wa nne uweke juu yake katikati, na uishikize kwa gundi kidogo. Vishikizo vyake vitazame nje. Kando kutabaki matundu matatu: simamisha karatasi nyekundu mbele ya moja, na ya bluu mbele ya jingine. Zimulike karatasi kwa tochi, kisha chungulia tundu la tatu.

Kila mpira huonyesha wenzake kwa umbo dogo, na ndani ya umbo hilo mna dogo zaidi. Umbo linalojirudia hivyo huitwa fraktali, jina alilolitoa Benoit Mandelbrot mwaka 1975. Tazama pia mipaka ya rangi: unapodhani nyekundu imekutana na bluu tu, ukikazia macho utaiona nyeupe imejipenyeza katikati. Mwaka 1999, wataalamu wa Marekani David Sweet, Edward Ott na James Yorke walilieleza jambo hilo kwa kutumia mipira ya namna hii.

Mwisho uko wapi, basi? Kwa hesabu, haupo. Kwa macho upo, kwa sababu mwanga hupungua kila unapoakisiwa, mpaka tunaona giza.

Nikiwa muuguzi nawasihi: tumieni mipira ya plastiki, kwani ya kioo ikivunjika hukata vidole. Msitumie mshumaa karibu na karatasi.

Siku hizi binti yangu anauliza tena. Nisipojua, namjibu, "Sijui, mwanangu. Njoo tutazame pamoja."