Kongwe, Ndogo, Adimu: Rekodi za Dunia Kati ya Butembo na Beni

Beni na Butembo, miji ya mashariki ya Kongo, zikitajwa ughaibuni, mara nyingi ni kwa rekodi ambayo hakuna aliyeiomba. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Mangina, kama kilomita 30 magharibi ya Beni. Ulipokwisha, Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287 na kuwa wa pili kwa ukubwa tangu ugonjwa huo ujulikane. Upande wa pili wa rekodi hiyo hausemwi sana. Dawa mbili za kwanza zilizothibitika kutibu Ebola zilijaribiwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mojawapo ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona ugonjwa huo Kikwit mwaka 1995.

Nina orodha nyingine. Ni ya vitu vya kwanza, vya mwisho, vikongwe na vidogo kabisa, na mtu aliyelala Butembo au Beni anaweza kuvifikia, au walau kufika vilipotoka, kisha akarudi nyumbani kabla ya giza kama barabara ni nzuri. Hilo la barabara si pambo. Waasi wa ADF wamekuwa wakiua raia kandokando ya Beni tangu 2014, mkoa huu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na kuna njia ambazo magari huzipita kwa msafara wenye askari. Kabla ya kutoka, waulize motari, yaani waendesha pikipiki, na madereva wa malori. Wanachokijua wao cha asubuhi hiyo hakimo kwenye ramani.

Jingine la kujua mapema: usitarajie mabango wala kibanda cha tiketi na kadi za posta. Vitu vyenyewe mara nyingi viko Brussels au London, na huku pamebaki mahali tu. Mimi naona mahali panatosha, ila msafiri lazima aje na hadithi yake kichwani.

Tuanze na kilicho kikongwe. Ukitoka Butembo kuelekea mashariki kupitia Kyondo, barabara hushuka kutoka baridi ya milima hadi joto la Bonde la Ufa, na chini kabisa kuna Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa Ziwa Edward. Jirani yake ni Ishango, mahali Mto Semliki unapolitoka ziwa kwenda Ziwa Albert. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akapata mfupa mdogo wenye urefu wa kama sentimita 10, umechomekwa kipande cha jiwe la kwatsi kwenye ncha moja na umechanjwa mistari katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya mistari 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila moja utapata 60. Ya tatu ina 3 na 6, kisha 4 na 8, kisha 10 na 5, halafu 5 na 7, na jumla yake ni 48. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi.

Wengi huuita chombo kikongwe kuliko vyote cha hesabu duniani. Hapo ni lazima kusema kweli: mfupa wa Lebombo, uliopatikana kwenye milima ya mpaka wa Eswatini na Afrika Kusini, una zaidi ya miaka 40,000. Lakini ule una mistari 29 iliyofuatana tu. Wa Ishango umepangwa kwa makundi, na ndiyo maana wataalamu hawajaacha kubishana juu yake. Wapo wanaoona namba tasa katika ile 11, 13, 17 na 19. Mtafiti Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi. Wengine wanasema mistari ilichanjwa ili mkono usiteleze. Namba tasa mimi naona ni bahati tu. Ile 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5 ndiyo inayonishika, kwa sababu yeyote aliyewahi kugawana samaki na mwenzake ufukoni anaijua hesabu ya kuongeza maradufu na ya kukata nusu. Mfupa wenyewe uko Brussels, katika jumba la makumbusho la sayansi za asili. Ishango utaona mto, viboko na kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Virunga, ambao ni lazima upate ruhusa yao kwanza.

Karibu na hapo, kwenye kingo za Semliki, pana Katanda, penye rekodi inayozidi ya Ishango kwa mbali. Wanaakiolojia Alison Brooks, John Yellen na wenzao walifukua hapo vyusa vya mifupa vyenye meno pamoja na mifupa ya kambare wakubwa, na mwaka 1995 wakatangaza kwamba vina umri wa miaka 90,000 hivi. Umri huo uliwashtua wengi, na wapo walioukataa, maana Ulaya vyusa vya namna hiyo vilitokea makumi ya maelfu ya miaka baadaye. Wanaoukubali wanahesabu uvuvi wa Semliki kuwa miongoni mwa uvuvi mkongwe kabisa unaojulikana. Kyavinyonge bado wanavua.

Ziwa lenyewe lina cheo chake: ndilo dogo kuliko yote miongoni mwa Maziwa Makuu ya Afrika. Nadhani pia ndilo lililobadilishiwa jina kwa aibu kubwa zaidi. Stanley alilipa jina la mwana wa mfalme wa Uingereza. Katika miaka ya 1970 likaitwa Idi Amin Dada, jina la mtawala wa Uganda, na Amin alipoanguka mwaka 1979 jina hilo likaanguka naye. Rekodi yake ya kusikitisha ni ya viboko. Miaka hiyo hiyo ya 1970 mito na fukwe zake ndani ya Hifadhi ya Virunga zilikuwa na viboko karibu 30,000, kundi kubwa kuliko lolote duniani. Vita na ujangili vilipopita, katikati ya miaka ya 2000 walikuwa chini ya 1,000. Wavuvi waliuona upungufu huo kwenye nyavu, kwani kinyesi cha kiboko hurutubisha maji na kulisha samaki.

Ukipanda tena kutoka ziwani, mlima unaokutazama ni Tshiaberimu, mita 3,117. Gorila wa Grauer ndio wakubwa kuliko wote wa jamii ya nyani walio hai duniani, na huku juu wanaishi katika mojawapo ya makundi yao madogo kabisa: walifika kuwa chini ya kumi, wamezungukwa na mashamba, bila njia ya kwenda kwa wenzao. Oktoba 2024 waliongezewa majike wanne, mayatima waliolelewa katika kituo cha GRACE, Kasugho, wilayani Lubero. Kituo hicho kilianzishwa 2009, na hakuna kingine duniani kinachotunza mayatima wa aina hiyo ya gorila peke yao. Usiende Kasugho ukitarajia kupiga picha na gorila. Wanaandaliwa kurudi msituni, na kuzoeana na watu hakuwafai.

Safari ya Lubero ni fupi na nyepesi. Butembo iko kaskazini ya ikweta na Lubero iko kusini yake, kilomita 45 hivi, kwa hiyo mtu hunywa chai asubuhi katika nusu moja ya dunia, anakula viazi mchana katika nusu nyingine, na usiku yuko kwake. Akitokea mtu na beseni akikuonyesha maji yanavyozunguka kulia huku na kushoto kule, mpe franga za mchezo wake, si za sayansi. Kinachoshangaza zaidi ni baridi. Hapa ni katikati ya dunia kabisa na watu wamevaa makoti. Kwenye miteremko utaona chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo, ikishuka na kilo mia kadhaa za viazi huku mwenyewe akikanyaga breki ya kipande cha tairi.

Sasa Beni. Rekodi yake ninayoipenda zaidi ilianza na mikanda. Mwaka 1900 Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza aliyekuwa Uganda, aliwarudisha Kongo Wambuti aliowaokoa mikononi mwa Mjerumani aliyetaka kuwapeleka kwenye maonyesho ya Paris. Alifika Fort Mbeni, ngome ya Wabelgiji karibu na Semliki, akakuta ngozi yenye milia imekatwa mikanda. Wambuti walikuwa wamemweleza habari za mnyama wa msituni anayefanana na punda, na wao walimjua tangu zamani za zamani. Vipande vilivyopelekwa London viliwafanya wataalamu waamini kwamba ni aina ya pundamilia. Kisha Karl Eriksson, ofisa Msweden wa ngome hiyo, akamtafutia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Kutazama meno, kumbe ni ndugu wa twiga! Mwaka 1901 okapi akaingia katika vitabu vya sayansi, mmoja wa wanyama wakubwa wa mwisho duniani kuingia humo.

Leo okapi mwitu hapatikani katika nchi yoyote isipokuwa Kongo, na redio ya Umoja wa Mataifa inayosikika nchi nzima imechukua jina lake. Kwenye msitu wa Semliki alikotambuliwa ilidhaniwa ametoweka, mpaka nyayo zake zikaonekana tena mwaka 2006 na kamera ya kujipiga yenyewe ikamnasa mwaka 2008. Kumwona kwa macho yako katika safari ya siku moja ni ndoto. Wambuti wenyewe humwona kwa nadra.

Rekodi nyingine za upande wa Beni ni za hifadhi na za mlima. Hifadhi ya Virunga ndiyo ya kwanza barani Afrika, ilianzishwa Aprili 1925, na sehemu yake ya kaskazini huanzia mita 680 hivi katika bonde la Semliki na kwisha mita 5,109 juu ya Rwenzori. Kilele hicho, Margherita, ni cha tatu kwa urefu Afrika na cha kwanza Kongo. Milima miwili inayokizidi, Kilimanjaro na Mlima Kenya, ni ya volkano, kwa hiyo Rwenzori ndio mlima mrefu kuliko yote Afrika isiyotokana na moto. Tena ndio sehemu ya juu kabisa katika bonde zima la Mto Nile. Barafu yake ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906, alipokwea mtu wa kwanza anayejulikana. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ilikuwa imepungua chini ya moja.

Kupanda Rwenzori ni kazi ya siku kadhaa. Msafiri wa siku moja aishie Mutwanga, chini ya mlima, ambako maji yanayoshuka kutoka juu yanazalisha umeme tangu 2013, na umeme huo unaendesha kiwanda cha sabuni na kiwanda cha chokoleti. Kakao ya Beni huuzwa nje kwa magunia, ikiwa punje kavu, na wakulima wengi huzeeka na miti yake bila kuonja chokoleti. Chokoleti iliyotengenezwa katika eneo la kakao yenyewe, kwa maji ya mlima wenye barafu, karibu na ikweta: mwenye kujua pengine pa namna hiyo anitajie.

Kaskazini zaidi, upande wa Ituri, kuna Mlima Hoyo na mapango yake, pamoja na pango la Matupi lenye zana ndogo ndogo za mawe za zaidi ya miaka 40,000. Kwa siku moja ni mbali, na kwa sasa simshauri mtu.

Badala yake nenda Kasindi, kilomita 80 hivi mashariki ya Beni, kwa ajili ya safari fupi kuliko zote. Kongo ina saa mbili tofauti, na hata saa ya mashariki iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Vuka daraja la Lubiriha saa tatu asubuhi, upande wa Mpondwe, Uganda, utakuta ni saa nne, na watu wanaongea karibu lugha ile ile, Kinande huku na Kikonzo kule. Wanawake wenye vikapu huvuka mara kadhaa kwa siku na kuhesabu saa zote mbili kichwani. Mgeni akiambiwa gari la kwenda Kasese, Uganda, linaondoka saa tano, na aulize kwanza ni saa tano ya wapi.