Zipu haitapunguza video ya arusi yako

Swali ni lilelile tena: "Fundi, niwekee programu kali ya kuzipu, video ya arusi iwe mega chache niwatumie ndugu zangu wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma." Sina. Wala hakuna aliye nayo.

Hapa mjini Baraka watu wamejiaminisha kwamba zipu iliyokuja na Windows ni ya kitoto, na kwamba mahali fulani ipo nyingine inayogeuza giga moja kuwa mega kumi. Zipu kazi yake ni kutafuta kinachojirudia ndani ya faili na kukiandika kwa ufupi. Orodha ndefu ya maandishi matupu imejaa marudio, kwa hiyo hushuka sana. Video ya MP4 ilikwisha kubanwa ndani ya kamera, picha ya JPEG vilevile, hata .docx ya Word, iliyoingia na toleo la 2007, ni zipu iliyovaa jina jingine. Ni kama samaki: ndagala mbichi zikianikwa hupungua uzito. Zilizokwisha kukauka ukizirudisha juani umepoteza siku. Wapo wanaozipu zipu mara tatu. Hao huongeza baiti.

Asiyeniamini ahesabu. Faili za biti 10 zinazowezekana ni 1,024. Zote zilizo fupi kuliko hizo, pamoja na ile tupu, ni 1,023. Programu inayofupisha kila faili lazima ipe faili mbili ufupisho mmoja, na siku ya kufungua haitajua ikurudishie ipi. Anayekuuzia muujiza huo kwenye kle ya USB, omba Mungu asiwe amekuuzia na virusi.

Na ule ubanaji wa diski nzima, unaotia mishale ya bluu kwenye faili? Huokoa nafasi ndani ya mashine yako tu. Ukituma, faili huondoka na uzito wake wote.

Sasa fanya hivi. Makaratasi mengi: yatie folda moja, bonyeza kulia, kwenye Windows ya Kifaransa "Envoyer vers", kisha "Dossier compressé", kwenye Mac ni "Compresser". Picha: punguza vipimo vyake. Video: ipitishe HandBrake, ni ya bure, ishushe hadi 480p, ukubali sura zififie kidogo; kazi huchukua muda, kwa hiyo kama umeme wako ni wa sola, anza asubuhi. Ukitaka ubora wote, mpe kle anayevuka ziwa kwenda Kigoma. Mwenye Windows 11 iliyosasishwa, yenyewe inamfungulia RAR na 7z bila msaada. Kwa hiyo WinRAR ya kuibiwa aifute leo.