Ekstensheni: Neno Moja, Vitu Vitatu

Miongoni mwa matatizo yanayomkabili mfasiri wa maelekezo ya ufundi ni neno la kigeni linalobeba maana nyingi kwa wakati mmoja. Mfano mmojawapo ni neno ekstensheni, ambalo hutumika katika kazi inayoonekana kuwa ndogo: kuongeza soketi ya simu nyumbani ili intaneti ifike katika chumba kingine. Katika makala haya tutaeleza kwanza kazi yenyewe, kisha istilahi zinazoifaa.

Tuuchukue mji wa Tunduma, mkoani Songwe. Mji huu uko mpakani, mkabala na Nakonde ya Zambia, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, hupitia hapo kuingia Zambia. Mkongo huo ni wa nyuzi za kioo. Lakini nyumba iliyoungiwa simu ya mezani kwa njia ya zamani hupokea mawasiliano kwa jozi ya nyaya za shaba.

Katika nyaya hizo sauti ya mzungumzaji huchukua masafa ya hezi 300 hadi 3,400 hivi. Intaneti hupitishwa juu ya hapo, kuanzia kilohezi 25 hivi hadi zaidi ya kilohezi 1,000. Upana huo ndio uliozaa istilahi ya kigeni yenye maana ya "bendi pana". Mfasiri akiandika "masafa mapana" atakuwa ameifuata asili ya neno. Walakini msomaji wa kawaida, ambaye masafa kwake ni umbali, aweza kudhani kwamba ni intaneti ifikayo mbali. Kwa hiyo inafaa mteja aandikiwe "intaneti ya kasi", na "bendi pana" ibaki katika vitabu vya wahandisi.

Sasa tulitazame neno ekstensheni. Ofisini ni simu yenye nambari yake iliyo chini ya simu kuu ya ofisi. Dukani ni waya mrefu wa umeme wenye soketi kadhaa. Nyumbani, katika kazi tunayoieleza, ni soketi ya pili ya simu iliyoungwa sambamba na ile ya kwanza. Tunapendekeza vitu hivyo viitwe, kwa mfuatano huo, "simu ya ndani", "waya wa nyongeza wa umeme" na "soketi ya nyongeza ya simu". Ile ya kwanza iitwe "soketi kuu".

Istilahi hizo zikitengana, maelekezo huwa mepesi: modemu iwe karibu na soketi kuu kadiri iwezekanavyo, na kila simu, iwe kwenye soketi kuu au ya nyongeza, iwekewe kichujio cha kuzuia masafa ya intaneti yasiingie katika sauti. Kichujio kikikosekana, mzungumzaji husikia mvumo na kasi ya intaneti hupungua.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba nyumba nyingi sasa huungiwa uzi wa kioo moja kwa moja. Uzi huo hauchepushwi kwa kukatwa na kufungwa pamoja kama shaba. Nyongeza huanzia kwenye ruta, kwa waya wa mtandao. Mfasiri akinakili maelekezo ya zamani, "unga soketi ya nyongeza kwenye waya uingiao nyumbani", fundi atakayemtii ataukata uzi, na mawasiliano yote yatakoma. Huko Tunduma mwenye nyumba huyo aweza kuwa wakala wa forodha anayetuma hati za mizigo kwa intaneti, na malori yatamsubiri.

Hivyo basi, kabla ya kuchagua istilahi, mfasiri hana budi kuuliza kwanza: waya unaosemwa ni wa shaba, wa kioo, au wa umeme? Walimu wa ufundi nao wanaombwa kuwazoeza wanafunzi wao kuvitenganisha vitu hivyo kwa majina yake.