Kiti cha Pikipiki Wakati wa Mvua

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba, zinatujua vizuri sisi waendesha pikipiki wa Uganda. Anayetoka Kampala kwenda Kabale, yapata kilomita 400, aweza kunyeshewa mara tatu kwa siku moja. Mzigo tunaufunika, kiti tunakiacha.

Ngozi ya plastiki ikiwa nzima haipitishi maji. Maji huingia kwenye matundu ya mshono na kwenye nyufa zilizoletwa na jua, kisha sponji huyanywa. Mvua ikikatika, juu hukauka upesi, lakini ukikaa tu maji hukamulika na kulowesha suruali. Dereva husafiri saa nyingi hivyo, akafika amechubuka mapajani. Sponji yenye maji siku nyingi huoza, na viti vyenye bati chini hushika kutu. Hapo mwenye pikipiki humdai dereva aliyekodi. Ndiyo sababu tunasema mapatano ya kukodi yataje nani atatengeneza kiti.

Kabla ya safari, kiti kikiwa kikavu kabisa, tupake gundi ya mafundi viatu juu ya mshono wote, na kwenye ufa tubandike kipande cha ngozi ya plastiki. Tuiache ikauke usiku kucha.

Tubebe pia nailoni nene, iliyokatwa ipite ukingo wa kiti, na mpira wa tyubu kuukuu wa kuifungia. Hii ni ya kufunika pikipiki iliyosimama. Wapo wanaoendesha wakiwa wameikalia, nasi hatukubaliani nao hata kidogo: nailoni iliyolowa huteleza, na breki ikikamatwa ghafla abiria humsukuma dereva hadi kwenye tangi. Kama hakuna abiria, sehemu yake ya nyuma yaweza kufunikwa, mradi ncha zisining'inie karibu na mnyororo, gurudumu au ekzosi.

Kiti kikishalowa, kifunguliwe, kisimamishwe wima, kikandamizwe kwa kitambaa kikavu, kisha kiachwe kivulini penye upepo. Kisipelekwe jikoni kwenye moto, maana sponji hii hushika moto haraka sana. Wala kisifunikwe nailoni kabla hakijakauka, maji yatabaki ndani.