Nusukaputi: Usimdanganye anayekulaza

Uongo wangu hatari zaidi niliusema nikiwa nimelala kitandani hospitalini, mguu umefungwa plasta, nikisubiri kuingizwa thieta.

"Umekula chochote tangu usiku?" aliuliza daktari wa kike aliyevaa nguo za kijani.

"Hapana," nikajibu. Tumboni nilikuwa na chapati mbili na chai ya maziwa.

Turudi nyuma kidogo. Nilikuwa nimeanguka na bodaboda karibu na Lurambe, hapa Kakamega, mfupa ukavunjika chini ya goti. Nikaambiwa lazima nipasuliwe, nitiwe chuma. Kisu hakikunitisha. Kilichonitisha ni nusukaputi. Hebu lisome hilo neno tena: hata kabla hujadungwa, nusu yako imeshaenda! Na wodini stori hazikosi. Kuna jamaa alilala asiamke. Kuna mama alidungwa mgongo akapooza. Ukiuliza ni nani hasa, hakuna anayewajua.

Mimi sikuuliza mtu kitu. Huku Magharibi tumekulia tukisikia sifa za vijana wa Kibukusu wanaosimama wima mbele ya kisu cha ngariba, bila ganzi, bila kupepesa jicho. Ukikua na stori hizo, kumwambia muuguzi "naogopa kulazwa" unaona ni aibu. Kwa hiyo nikanyamaza. Na senje, yaani shangazi yangu, alipokuja alfajiri na chapati akisema mwanawe hatapasuliwa na njaa, nikala.

Daktari akaniangalia, akauliza tena, polepole: "Kijana, sitakugombeza. Nataka tu utoke humo ukiwa mzima. Umekula?"

Nikakiri. Oparesheni ikasukumwa hadi siku iliyofuata. Nilinuna, lakini akavuta kiti akanieleza, na hapo ndipo nilishtuka.

Ukilazwa na dawa, si kichwa tu kinacholala. Hata ile nguvu inayofunga njia ya pumzi ukimeza kitu inalegea. Chapati iliyo tumboni inaweza kupanda hadi kooni, ikateremka kwenye mapafu, nawe huwezi hata kukohoa. Ndiyo maana watu huambiwa wakae angalau saa 6 bila chakula, na zaidi kama kilikuwa cha mafuta mengi. Maji matupu kwa kawaida huachwa saa 2 kabla, lakini fuata utakavyoambiwa na hospitali yako. Hata anayedungwa mgongo hufunga, kwa sababu ganzi ikikataa kushika, atalazwa kabisa.

Kumbe nusukaputi si moja. Kuna ganzi ya mahali padogo, kama ya kung'oa jino. Kuna sindano ya mgongo, inayoua hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Ndiyo akina mama wengi hupewa wakijifungua kwa upasuaji. Halafu kuna usingizi kamili. Sindano ya mgongo huingizwa chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, na kupooza kwa sababu yake ni nadra sana. Kinachoweza kutokea ni kichwa kuuma siku chache, au kutetemeka baridi.

Kabla ya haya yote watu walipasuliwa wakiwa macho, wameshikiliwa. Ni tarehe 16 Oktoba 1846, kule Boston, Marekani, ambapo daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, naye akakatwa uvimbe shingoni bila kupiga mayowe.

Tatizo letu leo si dawa tu, ni watu. Shirikisho la kimataifa la wataalamu hawa linataka angalau madaktari bingwa 5 wa nusukaputi kwa kila watu 100,000. Kenya haifikishi hata mmoja. Kazi kubwa inabebwa na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea fani hii. Mmoja wao ndiye atakayekaa karibu na kichwa chako mwanzo hadi mwisho, akihesabu pumzi, presha na mapigo ya moyo. Hana njia ya kujua ulichoficha.

Kwa hiyo mabeshte, ukiulizwa, mwaga yote. Umekula nini, saa ngapi. Unavuta sigara au bangi? Chang'aa je? Sema, kwa sababu vinaweza kubadilisha kiasi cha dawa unachohitaji. Una pumu, mzio, mimba, jino linalolegea? Sema. Kuna mtu wa familia aliyewahi kupata shida akilazwa? Hilo nalo sema, maana lingine liko kwenye damu. Rangi ya kucha itoe, kile kifaa cha kidoleni kinapima oksijeni.

Kesho yake nilidungwa mgongo. Miguu ikapata joto, kisha ikawa kama si yangu. Niliisikia drili ikifanya kazi, maumivu sikuyasikia.

"Uko sawa?" daktari akauliza.

"Naogopa," nikamwambia.

Akanishika bega. "Afadhali umesema."

Nje senje alikuwa ananisubiri. Safari hii chapati zilikaa kwenye mfuko mpaka daktari alipomruhusu.