Dalili za Kuwepo Mwenyezi Mungu: Kutoka Darsa za Pwani hadi Sydney

Familia zetu zilizohamia Australia zimekuja na mengi kutoka pwani: nasaba, maulidi, mapishi, na Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu. Kimoja tulichokiacha njiani ni ilimu ya hoja. Hapa St Marys, magharibi ya Sydney, mtoto akirudi skuli na swali "Tunajuaje kwamba Mungu yupo?", mara nyingi huambiwa astaghfirullah, usiulize mambo hayo. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba jibu hilo si urithi wetu. Wazee wetu walilisomesha swali hilo, na wakaona ni wajibu kulijibu kwa dalili.

Wala swali halikwepeki. Katika sensa ya Australia ya mwaka 2021, asilimia 38.9 ya watu walijieleza kuwa hawana dini. Waislamu walikuwa asilimia 3.2. Mtoto wetu atakutana na hoja za kukanusha, tukitaka tusitake.

Dalili iliyosomeshwa pwani

Miongoni mwa matini za tauhidi zilizoenea kutoka Maghrib hadi Jawa, na pwani yetu ikiwemo, ni Umm al-Barahin ya Imam Muhammad bin Yusuf as-Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 895 Hijria (1490). Mwanafunzi husoma humo sifa ishirini ambazo ni wajibu kwa Mwenyezi Mungu, na kinyume chake ishirini ambazo ni muhali. Sifa ya kwanza ni wujudi, yaani kuwepo, na kila sifa ina dalili yake.

Dalili ya wujudi imejengwa juu ya kuzuka kwa ulimwengu. Kila tukionacho hubadilika: kinakwenda au kimetulia, kinaanza au kinakoma. Kisichoachana na mabadiliko, nacho kimezuka baada ya kutokuwepo. Sasa, kwa kitu kilichozuka, kuwepo na kutokuwepo vilikuwa sawa, mfano wa makopo mawili ya mizani yasiyo na kitu. Kopo moja likishuka, lazima kuna kilichotiwa. Kusema limeshuka lenyewe ni kusema makopo yalikuwa sawa na wakati huo huo hayakuwa sawa. Kwa hivyo ulimwengu una aliyeuzua. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameiweka hoja hii kwa ufupi zaidi: kila kilichozuka kina sababu, ulimwengu umezuka, basi ulimwengu una sababu.

Ibn Sina kabla yake alipita njia nyingine. Hata tukijaalia kwamba ulimwengu hauna mwanzo, alisema, bado ni kitu ambacho kingeweza kutokuwepo, na kila cha namna hiyo kinategemea kingine, mpaka tufike kwa Ambaye kuwepo kwake ni wajibu kwa dhati yake. Hoja hii haihitaji kujua umri wa dunia, na ndiyo maana haitikiswi na ugunduzi wowote wa wanajimu.

La kuzingatia zaidi ni msimamo wa as-Sanusi juu ya taklidi. Wanavyuoni walikhitilafiana: je, imani ya mtu aliyefuata wazee wake tu, bila ya dalili yoyote, inasihi? Wengi walisema inasihi, ila ana dhambi ya kuacha kufikiri akiwa na uwezo wa kufikiri. As-Sanusi alikuwa miongoni mwa waliolikazania jambo hili sana. Mtoto anayeuliza dalili, kwa mujibu wa vitabu vyetu wenyewe, anatekeleza lililomuwajibikia.

Majibu ya wanaokanusha

Pwani husimuliwa kisa cha Imam Abu Hanifa na watu waliodai kwamba dunia imejiendea yenyewe. Aliwachelewea, akawaambia ameona mbao zikijipasua na kujiunga zikawa chombo kilichomvusha. Walipomcheka aliwauliza ulimwengu unazidiwaje na chombo. Kisa ni kizuri, lakini kama hoja ni dhaifu kuliko mizani ya as-Sanusi. David Hume, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1779, alijibu kwamba jahazi tumeliona likiundwa, ulimwengu hatukuuona. Na Charles Darwin, mwaka 1859, alieleza jinsi viumbe vinavyoweza kupata mpangilio kidogo kidogo kwa kurithi na kuchujwa. Anayempa mtoto kisa hiki peke yake anampeleka vitani na silaha moja, nayo butu.

Mpinzani wa karibu nasi zaidi ni mzaliwa wa Sydney, J. L. Mackie (1917–1981), aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Sydney na baadaye akawa profesa wa falsafa hapo. Katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1982, aliijadili hoja hii ya ilimu ya kalamu, ambayo William Lane Craig alikuwa ameifufua kwa Kiingereza mwaka 1979. Mackie aliuliza: kanuni kwamba kila kilichozuka kina sababu tumeijua kwa kuangalia vitu vilivyomo ulimwenguni, nani ametupa ruhusa ya kuutumilia ulimwengu wenyewe? Mfuasi wa as-Sanusi atajibu kwamba kanuni hiyo hakuitoa katika mazoea, bali katika akili. Hapo ndipo mjadala ulipo mpaka leo.

Hoja nzito zaidi ya Mackie ni ya mwaka 1955. Alipanga kauli tatu: Mungu ni muweza wa kila kitu, Mungu ni mwema kabisa, uovu upo. Alisema anayezikubali zote anajipinga. Muutazila wangejibu kwamba Mungu hadhulumu, na mja ndiye mwenye vitendo vyake. Ashari hujibu kwamba Muumba hahukumiwi kwa mizani ya viumbe. Maibadhi wa Oman na Unguja, waliotofautiana na Ashari juu ya sifa na juu ya kuonekana Mungu Akhera, katika suala la vitendo vya waja walisimama karibu nao. Jibu la Ashari halina ufa wa kimantiki, lakini lina gharama: anayelishika hawezi tena kuthibitisha wema wa Mungu kwa kuitazama dunia peke yake.

Hoja na historia yetu

Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa aliyefariki Unguja mwaka 1896, alijadiliana na wamisionari, na alimsaidia Askofu Edward Steere katika lugha ya Kiswahili. Steere naye, kabla ya kufika Unguja mwaka 1864, alikuwa ameandika kitabu cha Kiingereza juu ya kuwepo Mungu na sifa zake. Kuwepo Mungu hakukuwatenga wawili hao. Walitengana juu ya Yeye ni wa namna gani. Kwa hivyo dalili ya wujudi pwani ilisomwa bila ya mpinzani, na silaha isiyotumika hushika kutu.

Lakini kanisa la Steere lilijengwa kuanzia mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka huo huo. Waliouzwa pale hawakuachiwa nafasi ya kuandika lao juu ya uovu na uadilifu. Na familia nyingi zinazosoma jarida hili zina maiti wa Januari 1964. Kwetu sisi kauli ya tatu ya Mackie ina majina. Mwanahistoria anayezungumza na vijana juu ya Mungu asiyaruke mambo haya mawili, wala asilitaje moja akaficha jingine.

Tunawaomba wazazi wafanye jambo jepesi. Matini za tauhidi bado zimo katika makabati ya nyumba nyingi, zikiwa na hawashi za mababu. Zitoeni, msome dalili pamoja na watoto, kisha waacheni waipinge kwa nguvu zao zote, na mjibizane nao kwa adabu. Huo ndio mwendo wa darsa.