SOMO: JE, EKLEZYA INAPASWA KUSHIKA SHERIA ZA NCHI?



Watu wengine hutuuliza: «Eklezya ni nyumba ya Mungu. Je, yafaa ifungwe na sheria ile ile inayomfunga mwenye duka na mwenye shamba?» Swali hilo ni zito, tulichungue pamoja.

Kwanza tumtazame Bwana wetu Yezu Kristu. Kule Kafarnaumu watoza kodi ya hekalu walimwendea Petro. Yezu akamweleza kwamba Mwana hana deni la kodi katika nyumba ya Baba yake. Walakini hakuitumia haki hiyo, asije akawakwaza watu. Alimtuma Petro ziwani akavue samaki, akimwambia kwamba atakuta fedha kinywani mwake, naye alipe kwa ajili yao wote wawili.

Kwa hiyo nasi twasema: katika mambo yaliyo ya watu wote, Eklezya i chini ya sheria pamoja na watu wote. Misioni ikijenga shule, kuta ziwe imara, kwa maana ukuta mbovu humwangukia mtoto aliyebatizwa na asiyebatizwa. Ikiajiri fundi, impe mshahara wa haki. Katika Kongo, sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya jumuiya zisizotafuta faida yazihusu na jumuiya za dini. Tusiione kuwa dharau. Sheria ni ulinzi, kwa sababu mdanganyifu naye aweza kujiita mtumishi wa Mungu, akala mali ya wajane.

Hata jambo la aibu tusilifiche. Mtu wa Eklezya, awe padri au katekista, akimdhuru mtoto, ametenda dhambi, tena amevunja sheria ya nchi. Kitubio hakimwondolei hukumu ya hakimu. Mwezi wa Mei 2019, Baba Mtakatifu Fransisko aliamuru kila jimbo liwe na njia ya kupokea mashtaka ya namna hiyo, wala hakuziondoa sheria za Serikali. Mzazi anayekwenda kushtaki hamsaliti Mungu.

Je, tutii kila sheria bila kuchagua? Hapana. Mitume, walipokatazwa na baraza la Yeruzalemu kuhubiri, hawakunyamaza, kwa kuwa amri ya Mungu ndiyo ya kwanza. Hata kwetu, mwaka 1972, utawala wa Rais Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristu. Kardinali Malula wa Kinshasa aliipinga siasa ya utawala huo, hata akalazimika kukaa nje ya nchi kwa muda. Hakushika silaha, alisema kweli, akakubali hasara.

Tukumbuke basi:

Swali: Je, Eklezya yapaswa kushika sheria za nchi?

Jibu: Ndiyo, kila sheria ya haki inayowalinda watu wote, lakini sheria inayoamuru dhambi haitufungi.